Bakuli la mtoto: shajara ya mradi wetu, Kilolo, Iringa

5 Oktoba

Leo tumekaa akina mama 11 wa kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, na tumekubaliana kuanza. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa kijijini, nimezoea kutembea nyumba kwa nyumba, lakini mradi huu si wa zahanati wala wa shirika. Ni wetu wenyewe. Tuna watoto 14 wenye umri wa miezi 6 hadi 23, na tunataka wazoee kula vizuri tangu kijiko cha kwanza.

Sababu ni hii. Malori ya mahindi, viazi na nyanya yanashuka mlima Kitonga usiku na mchana kwenda kulisha Dar es Salaam. Mkoa wetu ni ghala la taifa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 30 nchi nzima, na Iringa ni asilimia 56.9, juu ya mikoa yote. Njombe wanatufuata kwa asilimia 50.4. Yaani hapa kwetu mtoto ambaye hajadumaa ndiye mchache. Nikiwaza hilo huku nimesimama katikati ya shamba la mahindi yaliyokomaa, moyo unauma.

Tumewekeana sharti moja tu: hakuna mama wa kulaumiwa.

13 Oktoba

Wiki nzima nimeingia majikoni saa ya kulisha, kwa ruhusa ya wenyewe. Sikufundisha kitu. Nimekaa kwenye kigoda nikatazama.

Asubuhi ni uji wa dona na sukari, mwepesi kiasi kwamba ukiinamisha kijiko unachirizika wote. Mchana mtoto yuko mgongoni shambani, ananyonya tu. Jioni anamegewa ugali kutoka sahani ya wote, tonge linachovywa kwenye mchuzi wa maharage, na maharage yenyewe yanaliwa na wakubwa. Nyumba tatu mtoto alipewa chai ya rangi na kipande cha andazi. Nyumba moja kulikuwa na kuku sita, na mayai yao yamepangwa kwenye kapu yakisubiri siku ya gulio.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiri kwamba tatizo letu ni njaa. Tumbo la mtoto linabeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 anajaa kwa gramu 240, haifiki hata robo lita. Ukiijaza nafasi hiyo kwa uji wa maji ameshiba, analala, na mwili haujapata kitu. Mama anasema mtoto kala, na ni kweli kala.

Kila nyumba nimemwomba mama atie punje ya mahindi kwenye kikombe kwa kila kundi la chakula ambalo mtoto alilipata jana. Makundi ni manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi; kunde na karanga; maziwa ya wanyama; nyama, samaki na dagaa; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kama maboga, papai na majani ya kijani; kisha mboga na matunda mengine. Shirika la Afya Duniani linataka angalau matano kwa siku. Watoto 3 kati ya 14 ndio waliofika punje tano.

27 Oktoba

Tumeanza pale ambapo karibu kila kikundi huanza, kwenye unga wa lishe, na tumekosea. Tulichanganya mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga, maharage na mbegu za maboga, tukasaga kilo 30 mashineni, tukagawana. Haikupita muda unga ukaanza kunuka mafuta yaliyochacha, maana karanga zikishasagwa hazikai. Watoto wawili wakaharisha.

Nilimweleza muuguzi. Swali lake la kwanza: soya mliichemsha? Tuliianika tu. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo lazima ipite kwenye moto vya kutosha kabla ya kwenda mashineni. Akaniambia pia kwamba nafaka nne kwenye mfuko mmoja ni kundi lilelile la chakula mara nne. Chukua nafaka moja. Karanga, dagaa au maharage yaliyoiva utayaponda nyumbani, utayatia kwenye sufuria siku hiyohiyo.

Unga uliobaki hatukumpa mtoto yeyote tena. Hela ile ilikuwa ya akina mama na walikuwa wameitafuta kwa vibarua, kwa hiyo nimewaomba radhi kikaoni.

10 Novemba

Siku ya leo sitaisahau.

Nilikuwa nawaonyesha wenzangu kipimo cha kijiko: uji ukiukinga, ubaki kwenye kijiko, usimwagike wenyewe. Mama mmoja akanijibu, "Dada, nikiufanya mzito hivyo hamezi, anautema." Hakukosea. Uji mzito wa dona ukipoa unakaribia kuwa ugali, na mtoto wa miezi saba hauwezi. Ukiongeza maji anaumeza, lakini umerudi kulekule kwenye maji. Tukakwama hapo.

Bibi wa nyumba ile alikuwa pembeni ya mafiga, anachochea kuni, hajasema neno tangu tulipomsalimu kamwene. Akasema, "Mmeacha kimea, ndiyo maana."

Nikasogeza kigoda kwake. Akasimulia kwamba alipokuwa analea wanawe, watoto wa kijiji walikuwa wanakusanywa kila baada ya miezi mitatu, wananing'inizwa kwenye mizani, kisha mama wanafundishwa kupika. Mojawapo ya waliyofundishwa ni kutia kimea kwenye uji wa mtoto. Nikatambua anazungumzia nini. Ni ule mpango wa lishe wa Iringa wa serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ulioanza 1983 kwenye vijiji 168, wakati Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa wetu. Wataalamu wa nchi nyingi waliusoma. Hata ule mchoro wa UNICEF wa 1990 unaoeleza vyanzo vya utapiamlo ulichota mengi kwenye vijiji hivi. Na mimi niliyepita hapa kila mwezi na begi langu la mafunzo sikuwahi kumuuliza mwanamke huyu alilisha vipi watoto wake.

Kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, hapa si kigeni, kila mpika pombe anacho. Nafaka inapoota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga, kwa ajili ya kulisha mche wake. Vimeng'enya hivyo ukivitia kwenye uji mzito vinaukatakata wanga, na uji unalegea bila kuongezwa tone la maji. Chakula ni kilekile chote, ila sasa kinamezeka.

"Kijiko kimoja tu, mwanangu," bibi alisema, akanionyesha kwa ncha ya kidole. "Hata kisijae."

17 Novemba

Tumetengeneza. Ulezi kilo mbili, tukauchagua mawe, tukauosha, tukauloweka usiku kucha. Asubuhi tukachuja na kuutandaza kwenye ungo, tukafunika kwa kitambaa kibichi na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu ukawa umetoa vimizizi. Tukauanika mpaka ukakauka kabisa, tukaupukuchua kwa viganja kuondoa vimizizi, tukausaga. Tumetumia ulezi kwa makusudi. Mtama nao hutoa kimea, lakini machipukizi yake yana sianidi, ambayo ni sumu, na sikutaka mama yeyote aachiwe hatari hiyo.

Kisha mtihani. Uji wa dona mzito mpaka mwiko ukasimama, na ndani yake dagaa waliopondwa kwenye kinu. Tukautoa motoni, tukauacha upungue moto, maana ukiwa unatokota unaua kazi ya kimea. Kijiko cha chai cha kimea, tukakoroga. Haikufika dakika kumi mwiko ukalala. Akina mama walipiga vigelegele kama tupo harusini. Tukaurudisha motoni uchemke tena, kwa sababu kimea kimeota kwenye unyevu na vijidudu hupenda unyevu, ukapoa, na mtoto wa miezi saba aliyekuwa anatema akamaliza nusu kikombe.

Bibi alikuwa wa kwanza kuuonja.

15 Desemba

Mvua imeshika. Wanapanda mahindi, na kwenye kikao cha jana tulikuwa wanne. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, nikidhani mradi umekufa mwezi wake wa tatu.

Leo nimezunguka kuwatafuta watoto badala ya mama zao. Wapo kwa bibi zao, wengine wanashindishwa na dada wa miaka minane au tisa. Mama anaondoka alfajiri na jembe, uji umebaki kwenye chupa ya chai, na anayeshika kijiko mpaka jua linazama si yeye. Miezi miwili nimekuwa namfundisha mtu ambaye saa ya kula hayupo!

Kwa hiyo kuanzia sasa somo linahamia kwa bibi, jikoni kwake, saa anayolisha.

29 Desemba

Bibi wanane. Wanasikiliza kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na wanabisha pia, jambo ambalo ni jema. Kuhusu asali tulibishana sana. Wamezoea kumlambisha kichanga asali akikohoa. Nimewaeleza kwamba asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto wa chini ya mwaka haliwezi kukishinda, na sumu yake hulegeza misuli mpaka pumzi. Mmoja alisema amelea saba kwa asali na wote wazima. Sikumvunjia heshima, nilimwomba tu kwa huyu mjukuu asubiri atimize mwaka. Kakubali.

Tumekubaliana pia kwamba kila mtoto awe na bakuli lake. Kwenye sahani ya wote huwezi kujua amekula matonge mangapi, na kaka zake wana mikono myepesi. Mabakuli tumeyachora mstari kwa rangi ya kucha. Nusu kikombe cha mililita 250 ni ya miezi 6 hadi 11, anaanza na vijiko viwili vitatu anapanda taratibu. Kuanzia mwaka mmoja, robo tatu hadi kikombe kizima. Mara mbili au tatu kwa siku akiwa miezi 6 hadi 8, mara tatu au nne baada ya hapo, na ziwa linaendelea mpaka miaka miwili na kuzidi.

19 Januari

Kumlisha kwa nguvu. Hili nililiogopa kuliandika kwa sababu nami nimelifanya kwa mwanangu wa kwanza. Mtoto analazwa mapajani, mikono inabanwa, kiganja kinawekwa kama mfereji mdomoni, uji unamiminwa, anameza ili apumue. Anayefanya hivyo anampenda mtoto na ana haraka ya kwenda palizi. Lakini mtoto anachojifunza ni kwamba bakuli likija ni vita, na uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Tumejifunza kukaa naye uso kwa uso. Kijiko kinasimama mbele ya mdomo mpaka aufungue mwenyewe. Akigeuza kichwa, ngoja, ongea naye, jaribu tena. Akigeuza mara ya tatu, ameshiba au amechoka. Mpe naye kipande cha kiazi au parachichi ashike, ajipake, achafuke. Dada mmoja wa miaka tisa amelishika somo hili kuliko sisi wote. Anamwimbia mdogo wake, kijiko kinafuata wimbo.

Kisha suala la "hapendi". Mtoto mmoja alipewa mnafu uliosagwa na kiazi, akakunja uso, akatema. Mama yake akasema hapendi mboga, asisumbuliwe. Nilimwomba ajaribu kwa siku kumi, kijiko kimoja tu kila siku, bila kulazimisha, na kila siku apige mstari wa mkaa ukutani. Mtoto anapokunja uso anashangaa ladha ngeni, hasa chungu, na ladha mpya mara nyingi huhitaji kuonjwa mara nane hata kumi ndipo izoeleke. Siku ya tisa mama alinipigia simu. Kafungua mdomo.

Kwa mtoto mwingine tulifika mstari wa kumi na tatu na mnafu akaukataa. Tukampa majani ya maboga na karanga, akala. Basi, mnafu tutaurudia mwezi ujao. Watoto ambao mama zao wanakula mboga za aina nyingi naona wanazipokea upesi, na hilo halinishangazi, kwa kuwa ladha za chakula cha mama hupita kwenye maziwa yake.

Adui mkubwa kuliko mnafu ni biskuti ya dukani. Mtoto akilia, akipewa biskuti ananyamaza, na saa ya bakuli hana njaa.

16 Februari

Kikao na akina baba, kabla hawajakwenda kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Walikuja 9. Mada ilikuwa kapu la mayai. Niliwaambia akiba ya madini chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo inapungua sana akifika miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuiziba. Anahitaji dagaa, maini, nyama, mayai. Na ile chai ya rangi inashika madini chuma tumboni yasifyonzwe, kwa hiyo mtoto aachwe na chai kabisa. Maharage na mboga vipewe pamoja na papai au chungwa, maana vitamini C inasaidia madini hayo kuingia.

Mzee mmoja akasema yai moja likiuzwa ni chumvi ya nyumba nzima. Hesabu yake ni ya kweli, sikuwa na jibu la haraka. Aliyejibu ni kijana mwenye mtoto wa miezi kumi: katika kuku wake watano, mmoja atakuwa wa mtoto, mayai yake hayauzwi. Wazo hilo limepokelewa kuliko hotuba yangu. Sasa nyumba sita zina "kuku wa mtoto", kafungwa uzi mwekundu mguuni.

9 Machi

Kuhara kumezunguka kijiji. Uji wa asubuhi uliokaa kwenye chupa hadi saa tisa ndio ninaoushuku zaidi. Tumefunga vibuyu chirizi vya kunawia mikono kumi na viwili karibu na majiko. Uji upikwe kidogo, uliwe ndani ya saa mbili. Bibi anaweza kupika tena, kimea kipo. Anayehara anyonyeshwe zaidi, apewe ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, na zinki kwa siku 10 hadi 14, asinyimwe chakula, na akipona aongezewe mlo mmoja mpaka uzito urudi.

18 Mei

Mahindi yanakaribia, karanga zimeshatoka. Nimekuta mama mmoja anachagua karanga: nzima na nono za kuuza, zilizosinyaa na zenye ukungu za uji wa mtoto. Nilimshika mkono. Ukungu ule hutoa sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. 2016 sumu hiyohiyo kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Mtoto mdogo anayeila kidogokidogo kila siku haumwi leo, lakini inaharibu ini lake.

Amegeuza mafungu pale pale. Zenye ukungu tumezifukia, kuku nao wasizipate. Kwa mavuno ya mwaka huu tumekubaliana kuanika juu ya turubai, na karanga za watoto zinachaguliwa kwanza, kisha zisagwe laini, kamwe mtoto asipewe punje nzima zisije zikamkaba.

15 Juni

Baridi kali, lakini zahanati ilijaa. Tumewapima watoto 13. Mmoja amehamia Mafinga na mama yake. Tumetumia mizani na ubao wa kupimia urefu, kwa sababu mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene na mchangamfu, na ubao pekee ndio unaosema.

Uzito wa watoto 11 umepanda vizuri kwenye kadi. Urefu sitaki kuuongelea sana. Miezi minane ni michache, watoto wawili waliokuwa chini ya mstari wa udumavu bado wako chini, na nimekaa na mama zao muda mrefu kuliko wengine. Mmoja aliniuliza kama amechelewa. Nikamwambia ana mtoto wa miezi 17, miezi saba imebaki kwenye zile siku 1000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, na tutaitumia yote.

Punje: watoto 9 kati ya 13 wamefika tano. Kundi linalokosekana zaidi sasa ni maziwa ya wanyama, kwa sababu ng'ombe wa maziwa ni wachache na maziwa yanauzwa. Tumeanza kuongea na wenye ng'ombe.

Yule mama wa mistari ya mkaa ana mimba nyingine. Ukuta wake hakuufuta.

Watoto watano wanatimiza miezi sita kati ya Julai na Agosti. Mabakuli yao yamenunuliwa, na ulezi kilo nne umelowekwa leo jioni kwa bibi. Keshokutwa ni zamu yangu ya kunyunyizia.